Alama ya Jua kwenye Rimoti

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Lakini katika miaka kumi na miwili ya ufundi wa AC hapa Dubai nimejifunza kuzimeza mbele ya mteja. Mteja akiniambia AC yake inavuja kwa sababu jirani ana kijicho, nasema inshallah tutaiangalia, madam, napanda ngazi, nauzibua mpira wa maji, nashuka, nakwenda zangu. Mara moja tu nilishindwa kujizuia, nikapayuka ndani ya nyumba ya watu, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Ilikuwa Januari. Najua walioko nyumbani watacheka: Dubai na baridi, wapi na wapi? Haya, njooni Januari. Njooni asubuhi baada ya mvua, muingie nyumba ya zamani ya Rashidiya, sakafu marumaru tupu, kuta za zege, madirisha makubwa, nyumba iliyojengwa na mtu aliyekuwa akiwaza jua la Agosti peke yake. Hakuna theluji, ni kweli, lakini baridi inapanda kutoka kwenye marumaru, inaingia nyayoni, inakaa magotini haitoki. Kijana anavaa soksi, anasahau. Mtu wa miaka themanini na kitu hasahau.

Kampuni ilinituma nikaoshe AC tano za nyumba moja kabla msimu wa joto haujaanza. Mwenye nyumba alinifungulia mwenyewe, mtu mzima wa miaka sitini hivi, kanzu nyeupe iliyonyooshwa, simu mkononi. Tulisalimiana kwa Kiarabu, tukahamia Kiingereza cha kazini, yes sir, no sir, akanionyesha vyumba. Nilikuwa nimemaliza vinne nilipofika mlango wa chumba cha chini, karibu na jiko, nikasikia sauti ya kizee ikilalamika kutoka ndani, Kiswahili cha Unguja kilichotulia: "Mwambieni huyo fundi asije akaniwashia ubaridi wake humu! Mie nshaganda!"

"Siwashi, bibi," nikamjibu. "Naosha tu."

Kisha: "Ala! Mtu wa wapi wewe?"

"Mombasa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba! Ingia, mwanangu, ingia. Usisimame mlangoni, baridi inaingia nawe."

Mwanawe, yule mwenye nyumba, akacheka, akakitupa kile Kiingereza. "Kumbe mwenzetu!" akasema, na tangu hapo akawa ananiita fundi. Familia yao ilikuwa Dubai tangu kabla yeye hajaota ndevu, lakini mama yake hakuwahi kukubali kuzungumza lugha nyingine ndani ya chumba chake.

Nikaingia. Hewa ya humo ndani ilikuwa nzito, ya kunata, na kwenye kona, hatua mbili kutoka kitandani, nikaiona hita ya gesi. Wanaozijua watanielewa: sanduku la bati lenye magurudumu, mbele vigae vitatu vinawaka rangi ya chungwa, nyuma umefichwa mtungi, ule ule wa kupikia. Huuzwa kwa watu wanaokwenda kupiga hema jangwani. Haina dohani, haina bomba la kutoa hewa, haina chochote. Kinachoungua humo kinatoka humo humo, kinabaki chumbani. Nikatazama dirisha: limezibwa kwa silikoni pande zote nne, eti vumbi lisiingie. Nikatazama mlango: taulo limekunjwa, limesukumwa chini yake.

"Bibi, hita hii imewaka tangu lini?"

"Leo tangu alfajiri. Na jana kutwa, na juzi kutwa. Nikilala mwanangu huja akanizimia."

"Na kichwa je, kinakuuma?"

Akaninyanyulia macho. Alikuwa amekaa kitandani, shali mbili mabegani, kanga kichwani, mwembamba, ngozi ya mikono kama karatasi. "Mtume! Nani kakwambia? Kinanipasuka! Na kichefuchefu, na magoti hayana nguvu. Wiki iliyopita nimeanguka nikiinuka kwenye msala. Wakanipeleka hospitali, wakasema presha. Nikakaa huko siku mbili, nikapona kabisa, nikawa nawachekesha manesi. Narudi nyumbani tu, yale yale. Na huyu hapa," akamnyooshea mwanawe kidole, "huyu kasema ni udi wangu! Kaninyang'anya chetezo! Mie nafukiza udi tangu sijaolewa, leo ndo unipe kizunguzungu?"

"Mama, udi ni moshi," mwanawe akasema kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyeshayasema hayo mara nyingi. "Moshi si mzuri kwa kifua chako. Hita haina moshi. Ni moto safi."

Moto safi! Hapo ndipo nilipoharibika. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lile sanduku, nikalizima, nikaufunga mtungi, nikaliburuta mpaka uani. Sikuomba ruhusa. Nikarudi, nikatoa kisu cha kazi, nikaichana silikoni ya dirisha kutoka juu hadi chini, nikalisukuma dirisha kwa bega mpaka likafunguka. Upepo ukaingia.

"We fundi, una wazimu?" mwenye nyumba akapiga kelele. "Nimeita mtu aje aoshe AC, si aje anivunjie nyumba!"

"Utamuua mama yako!" nikamjibu, na mimi sauti yangu ilikuwa juu kuliko yake. "Unamuua kidogo kidogo, halafu unamlaumu udi!"

Sijui kama nimewahi kumwambia mtu wa makamo yake maneno kama yale. Alinitazama kama niliyemtemea mate. Mimi nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. Nikamwambia kwetu Mombasa, na kwao Unguja vile vile, nani asiyejua habari ya mtu aliyelala na jiko la makaa chumbani siku ya mvua, asubuhi mlango ukavunjwa? Nani hajawahi kuisikia?

"Yale makaa," akasema. "Hii gesi."

"Moto ni moto, sir! Ukifungiwa ukakosa hewa, unatoa sumu. Haina harufu, haina rangi, huioni. Unaumwa kichwa, unatapika, magoti yanalegea, ukitoka nje unapona, ukirudi yale yale. Makaa angalau mtu huyaogopa. Hii mmeipenda kwa sababu inang'aa!"

Bibi alikuwa ametutegea sikio, anageuza kichwa huku na huku. "Basi si udi," akasema.

"Si udi, bibi."

"Umesikia?" akamwambia mwanawe. "Basi nirudishie chetezo changu."

Nikamwambia yule bwana ampeleke mama yake hospitali leo leo, wala asikubali waishie kwenye presha. Awaambie kabisa kwamba kulikuwa na hita ya gesi kwenye chumba kilichofungwa, wampime damu. Akatoka kupiga simu. Nilimsikia ukumbini akimweleza daktari, sauti imepungua, akiahidi kumpeleka mchana huo huo. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika, nikadhani tumemalizana. Kumbe bado.

"Sawa," akasema. "Hiyo ya magurudumu haitarudi, na kwa hilo nakushukuru. Lakini mama hawezi kukaa kwenye baridi, kifua chake kibovu, daktari mwenyewe kasema akipata homa ya mapafu tena hatoki. Kwa hiyo nimeshaamua. Jumatatu wanakuja watu wa tanuri."

"Tanuri gani?"

Akanitolea karatasi ya matangazo, karatasi nzito inayong'aa. Tanuri la gesi la nyumba nzima. Linakaa stoo, linachoma gesi, feni inasukuma hewa ya moto kwenye mabomba mpaka kila chumba. Binamu yake aliyeko Toronto analo, akasema, na nje theluji imefika dirishani wao ndani wanavaa fulana. Watatoboa kuta, watapitisha mabomba, mitungi minne itakaa nyuma ya ukuta wa chumba cha mama.

Nyuma ya ukuta wa chumba cha mama! Wallahi nilikaa chini kwenye marumaru. Nilitafuta maneno ya heshima, nikayakosa. Nikamwuliza tu: hiyo stoo ina dohani? Hajui. Aliyekuuzia amekuja kuiona? Hapana, walizungumza kwa simu. Nani atakuwa analikagua kila mwaka? Si wale wale waliouza? Nikamwambia mimi simkebehi binamu yake. Toronto ni Toronto. Huko tanuri lina dohani yake, lina kengele ya kugundua hewa mbaya, lina mtu aliyesomea kulikagua, na baridi yenyewe ni ya miezi. Huko lina maana. Hapa baridi ni wiki chache, mtu anasahau nusu mwaka kama tanuri lipo, vumbi linajaa ndani ya bomba, halafu Januari mtu analiwasha akiomba Mungu. Na kikubwa kuliko yote, nikamwambia, ni kwamba hulihitaji. Kifaa cha kumpasha mama yako joto kimo humu chumbani. Kile pale ukutani.

Akakitazama kile ninachokionyesha. "AC?"

"AC."

Akacheka kicheko kikavu. "AC ya baridi, fundi. Gesi ya moto. Hata mtoto anajua."

Lo! Hata mtoto. Nikasimama. Nikamwambia AC haitengenezi baridi, hakuna kitu kinachotengeneza baridi. AC inalichukua joto lililomo chumbani, inalibeba, inalitupa nje. Ndiyo maana ukipita nyuma ya mashine ya nje inakupulizia moto. Na AC za aina hii yako zina valvu ndogo ya shaba ndani ya mashine ya nje. Ukibonyeza alama ya jua kwenye rimoti, valvu inageuza njia, na kazi ile ile inafanyika kinyume: joto linachukuliwa nje, linaletwa ndani. Vitabuni wanaiita pampu ya joto, kwa sababu haiwashi moto wowote. Inasukuma joto tu, kama pampu inavyosukuma maji. Haichomi kitu, haili hewa, haitoi sumu.

"Joto gani liko nje," akauliza, "na mie nimevaa sweta?"

"Joto lipo tele, sir. Baridi ya Rashidiya ni baridi kwako. Kwa mashine ile bado ni kiangazi."

"Kama friji," bibi akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Friji ndani si baridi? Na nyuma yake si moto? Paka wangu mie wa kule Malindi ya Unguja alikuwa halali popote ila nyuma ya friji. Sasa huyu anasema tukae upande wa paka." Akanitazama. "Si ndivyo?"

"Ndivyo hasa, bibi."

Nilikuwa nimesota darasa zima la chuo cha ufundi Mombasa kukielewa kile alichokisema bibi kwa sentensi tatu. Mwanawe akakuna ndevu. Nikaona anaanza kulegea, nikaongeza: ukichoma gesi unapata joto la gesi ile uliyochoma, tena pungufu, maana nyingine inapotelea dohani. Pampu ya joto umeme wake ni wa kumlisha hamali tu. Hamali anabeba joto lililopo tayari, na mzigo anaoufikisha ni mkubwa kuliko chakula alichokula. Nikaona hoja yangu imekaa vizuri, nikajipongeza moyoni.

"Maneno mazuri," akasema. "Lakini mie nilijaribu."

"Ulijaribu nini?"

"Hilo jua lako. Kabla sijanunua hita. Unadhani mie mpumbavu, nimwashie mama yangu gesi bila kujaribu?" Akachukua rimoti kwenye meza ya dawa, akainyoosha ukutani, akabonyeza mpaka alama ya jua ikatokea. "Haya. Tazama."

AC ililia mara moja, ikafungua mdomo wake, ikanyamaza. Feni haikupuliza. Tulisimama pale dakika tano, sita, kumi, watu wazima wawili tunakitazama kipande cha plastiki, na bibi anatutazama sisi. Kisha taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa na kifaa kikajizima.

"Nikawapigia kampuni yenu," akasema. "Wakaniambia sir, Dubai AC ni ya baridi tu. Khalas, basi. Ndipo nikanunua hita."

Nikakiinamia kibandiko cha ubavuni. Kimeandikwa wazi kabisa, baridi na joto. Nikasema naomba nipande juu. Na nikapanda, jamani, nikipanda huku natukana. Sitayaandika yote. Nilimtukana aliyepokea ile simu ofisini. Nilimtukana fundi aliyetangulia kuja nyumba hii, maana nilishajua ninachokwenda kukiona: kuna mtu amekata waya. Mvivu gani huyu, nikawa najiambia kila kidato cha ngazi, asiyeogopa Mungu, anakata waya wa joto kwenye chumba cha kizee, anakwenda kulala usingizi.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo sisi mafundi wa AC wa hapa tunalijua na hatulizungumzi mbele ya wateja. Kila kiangazi kuna mtoto, au mgeni, au baba mwenye haraka, anayebonyeza alama ya jua bila kujua. Nje jua linaoka, ndani AC inaanza kupuliza moto. Mteja anapiga simu anafoka, fundi anatumwa kutoka upande wa pili wa mji, anafika amelowa jasho, anabonyeza kitufe kimoja, basi. Safari bure. Kwa hiyo maforemani wakagundua dawa yao. Ndani ya mashine ya nje kuna waya mmoja mwembamba unaokwenda kwenye ile valvu ya kugeuza. Ukate, ufunge teipu, urudishe kifuniko. Baridi itaendelea kama kawaida, na alama ya jua itakuwa pambo. Hakuna atakayejua, maana nani anataka joto Dubai? Tulifanya hivyo majengo kwa majengo. Ilikuwa kazi ya dakika tatu.

Nikakata umeme wa ile mashine, nikafungua skrubu, nikatoa kifuniko. Waya ulikuwa umekatwa kama nilivyojua. Na mwisho wake ulikuwa umefungwa teipu nyeusi, mizunguko minne, ncha ya teipu imekunjwa imeachwa kisikio kidogo ili atakayekuja aweze kuibandua bila kisu.

Sijamwona fundi mwingine anayekunja kisikio. Mimi nakunja. Nilijifunza mwenyewe, nikiwa mgeni, baada ya kujikata kidole kwa teipu ya mtu mwingine. Wenzangu hunicheka, wananiita mshona shanga.

Nilichuchumaa pale juu ya paa nikiwa nimeshika kisikio changu. Ikanijia taratibu. Kiangazi cha miaka mitatu nyuma, kilio cha mteja kwamba AC inatoa moto, foreman akasema katika simu, kata zote tano, tusirudi tena hapo. Nilipofika familia ilikuwa imeshasafiri, mlinzi akanifungulia geti, nikapanda ngazi ya nje, nikakata, nikashuka. Sikuingia ndani, wala nyumba sikuitambua, maana nyumba za mtaa ule zinafanana kama sahani za seti moja. Yule mvivu asiyeogopa Mungu ni mimi. Matusi yote niliyoyapandisha kwenye ile ngazi yalikuwa na mwenyewe.

Nilimpigia foreman. Nilidhani nikimpigia nitapata mtu wa kumgawia lawama. Nikamweleza yote, hita, kichwa cha bibi, kuanguka, hospitali. Akasema unganisha waya, shuka, waambie ilikuwa fyuzi. Nikamwambia mtu amekaribia kufa. Akasema hajafa. Akasema unganisha, funga mdomo, sema fyuzi, khalas, una nyumba nyingine mchana. Akakata simu. Nilitaka kuirusha simu mpaka uwanja wa ndege. Lakini ukweli niuseme: wakati mikono yangu inaunganisha ule waya, kichwani nilikuwa nalijaribu lile neno, fyuzi, nione kama linatamkika. Lilitamkika vizuri sana. Nikaunganisha wa chumba cha bibi, nikaunganisha na zile nne nyingine, nikashuka.

Dirisha nikalirudisha. Nikachukua rimoti, nikabonyeza mpaka jua. AC ikalia, ikafungua mdomo, ikanyamaza vile vile, na mwenye nyumba akaguna. Nikamwambia subiri, inajipasha kwanza, haipulizi mpaka iwe na cha kupuliza. Baada ya dakika tatu hivi feni ikaanza, kidogo kidogo. Bibi akatoa mkono chini ya shali, akaunyanyua juu, kiganja wazi.

"Ee," akasema. Halafu akatoa na mkono wa pili. "Ee! Inakuja!"

Mwanawe akaenda kusimama chini ya AC, kichwa ameinua, macho amefumba, kanzu inapepea. "Basi humu humu," akasema. "Wiki zote hizi, humu humu ndani." Kisha akaitoa ile karatasi ya tanuri mfukoni, akaichana mara mbili. Akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ilikuwa nini, fundi?"

Nikasema, "Waya ulikuwa umekatwa."

Sikusema fyuzi. Lakini sikusema na mengine.

"Umekatwa!" Uso ukamvimba. "Na nani? Panya?"

"Mtu."

Hapo naye akawaka. Akasema nimpe jina la aliyekuja kabla yangu, atampigia mkurugenzi, atahakikisha mtu huyo anapandishwa ndege. Akasema watu wengine hawana utu, wanaingia kwenye nyumba za watu kama wanaingia zizini. Kila neno alilosema nilikuwa nimeshalisema mimi kwenye ngazi, na mengine makali zaidi. Ikaletwa chai ya tangawizi na mkate wa ufuta. Nikakalishwa kwenye kiti karibu na kitanda. Bibi akanishika kichwa, akaanza kuniombea dua, taratibu, kwa jina la Mungu akanitakia riziki, akanitakia mke mwema kama sina, akanitakia nimkute mama yangu mzima, akanitakia nisipate kuguswa na baridi duniani wala kaburini.

Jamani, binadamu ana mwisho wake. Nikauondoa mkono wake kichwani pangu.

"Bibi, acha," nikasema. "Usiniombee. Ni mimi niliyeukata."

Mwanawe akasimama katikati ya chumba. Sikumtazama, nilimweleza bibi peke yake, yote, alama ya jua, foreman, teipu, kisikio, miaka mitatu. Nilimweleza kwamba juu ya paa nilikuwa nimeshaandaliwa uongo na nikaujaribu. Nilipomaliza, yule bwana akasema kwa sauti ndogo sana, "Toka nyumbani kwangu." Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa namwelewa kabisa. Mimi ningeshapiga.

"Kaa," bibi akasema, hakuniambia mimi, alimwambia mwanawe. Naye akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mtu wa miaka sitini, kama aliyerudishwa darasani. Bibi akanigeukia. Mkono wake haukurudi kichwani pangu. Sikuona hasira usoni pake wala huruma. Alikuwa kama mtu anayehesabu.

"Ni waya wangu tu ulioukata?"

"Hapana, bibi."

"Wangapi?"

"Sijui. Wengi. Hapa Rashidiya, Al Muraqqabat, kule ninakokaa International City. Kila nilikotumwa."

"Na humo majumbani wamo watu wazima kama mie?"

"Wamo."

"Wenye vifua?"

"Bila shaka, bibi."

"Na leo baridi."

"Leo baridi."

Akajivuta shali, akajilaza, akaigeuzia AC uso wake.

"Sasa hapa kwangu," akasema, "umekaa unangoja nini?"